Mlo mmoja na mahali pa kujificha: Muvi ya jua kali iliyozaa mabingwa wa Hollywood

Niambie ukweli: ni lini mara ya mwisho ulitazama muvi mbaya hadi mwisho na ukaifurahia? Simaanishi ile mbaya ya kukufanya uchukue simu katikati. Namaanisha ile mbaya tamu. Leza za rangi ya peremende, jitu lenye ngozi ya mpira, adui anayefoka hata pale angeweza kuongea polepole tu.

Kama hujawahi, nina moja ya wikendi hii. Inaitwa Battle Beyond the Stars na ilitoka mwaka wa 1980. Huenda hata wazazi wako walikuwa bado hawajajuana. Lakini sikuandikii kwa sababu ya leza wala jitu la mpira. Nakuandikia kwa sababu ya watu waliokuwa nyuma ya kamera, na kwa sababu ya swali moja ambalo ukijaribu kazi yoyote ya ubunifu hapa kwetu, iwe kupiga picha, kuhariri video, kuchora au kutengeneza biti, utalikuta mapema sana: mtu akikuambia "doo ni kidogo lakini utajifunza", umwamini au uhepe?

Tutafika hapo. Kwanza stori yenyewe.

Kijiji cha angani

Kuna sayari ndogo inaitwa Akir. Watu wake ni wakulima wapole, hawajui vita, hawana jeshi, hawana hata rungu. Siku moja anatokea jambazi anayeitwa Sador, na meli kubwa ya angani yenye silaha inayoweza kugeuza sayari nzima kuwa nyota ya moto. Anawapa siku chache: mjisalimishe kwangu, la sivyo mtaungua wote. Kisha anaondoka.

Anayecheza Sador ni John Saxon. Muulize mzee wako kejani, atamtambua upesi: ndiye yule Mmarekani aliyekuwa upande wa Bruce Lee katika Enter the Dragon ya 1973. Hapa amepewa tabia ya kuchekesha na kutisha kwa pamoja. Viungo vyake vikiharibika, anakata vya watu wengine na kujiunganishia, kama mtu anayenunua vipuri vya gari Kirinyaga Road.

Kijijini kuna mzee mmoja tu aliyewahi kupigana, na macho yake yamekwisha. Lakini bado ana chombo chake cha zamani, Nell, chenye kompyuta inayoongea kwa sauti ya kike na yenye mdomo mrefu kuliko wa makanga. Kijana anayeitwa Shad anakichukua na kwenda kutafuta mamluki. Shida ni moja: Akir hawana pesa. Wana chakula na vitanda tu.

Sasa angalia wanaojitokeza. Kuna Cowboy, dereva wa masafa marefu kutoka Dunia hii yetu, anayesafirisha shehena ya silaha na kuvaa mshipi unaommiminia pombe na barafu. Ni George Peppard, yule mwenye sigara wa The A-Team. Kuna Nestor, watu watano weupe pe wenye akili moja, ambao shida yao pekee ni kwamba maisha yamewaboesha. Kuna Cayman, mwenye sura ya mjusi, wa mwisho wa kabila lake kwa sababu Sador aliwamaliza wenzake. Kuna viumbe wawili wanaozungumza kwa kutoa joto. Kuna Saint-Exmin, mwanamke mpiganaji anayetaka vita hata kama hakuna anayemwalika. Na kuna Nanelia, msichana aliyekulia kwenye kituo cha anga pamoja na babake na maroboti, anayejua kompyuta kuliko wote. Ukihesabu, ni saba au zaidi. Inategemea kama Nestor utamhesabu mmoja au watano.

Halafu kuna Gelt. Huyu ni muuaji wa kulipwa. Ana mali isiyohesabika lakini hawezi kuitumia, kwa sababu kila anakokwenda kuna mtu anayemtafuta. Anaishi gizani peke yake na utajiri wake. Shad anapomwambia hana cha kumlipa ila chakula na mahali pa kukaa, Gelt anakubali. Bei yake ni mlo mmoja na mahali pa kujificha. Kaa na hiyo bei akilini, tutairudia.

Kama unahisi umewahi kuisikia stori hii, hujakosea. Ni ile ya Seven Samurai, filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka wa 1954, ambapo wakulima maskini wa Japani wanakodisha mashujaa saba kuwalinda dhidi ya majambazi wanaokuja kuwapora mavuno, na wanawalipa kwa wali. Mwaka wa 1960 Hollywood iliipeleka Mexico, ikaivisha kofia za wachunga ng'ombe na kuiita The Magnificent Seven. Hawa wa 1980 waliirusha angani. Hawakujificha hata kidogo: sayari inaitwa Akir, watu wake Akira, kwa heshima ya mzee Kurosawa. Zaidi ya hayo, anayecheza Gelt ni Robert Vaughn, ambaye ni mmoja wa wale saba wa 1960. Alirudi miaka 20 baadaye kucheza mtu karibu yule yule, safari hii bila farasi.

Yadi ya mbao

Sasa tuongee hesabu. Star Wars, iliyotoka 1977, iligharimu takriban dola milioni 11. Baada yake kila mtu Hollywood alitaka vyombo vya angani. Mmoja wao alikuwa Roger Corman, mwenye kampuni ya New World Pictures, na huyu jamaa alikuwa mbahili wa sifa. Alikuwa ametengeneza filamu nyingi za haraka kwa pesa kidogo, kiasi kwamba mwaka wa 1990 alitoa kitabu ambacho jina lake ni majigambo matupu: kwamba alitengeneza filamu mia moja na hakupoteza hata senti. Kwa Battle Beyond the Stars alifungua mfuko kuliko alivyowahi kufungua hadi wakati huo. Alitoa takriban dola milioni mbili.

Fikiria hilo. Chini ya moja ya tano ya pesa za Star Wars, na bado humo utoe za kumlipa Peppard na Vaughn, maana hao walikuwa majina makubwa na hawakufanya kazi kwa mapenzi. Kinachobaki ndicho cha kujengea sayari.

Corman alinunua yadi ya zamani ya mbao huko Venice, Los Angeles, akaigeuza studio. Ndani yake akajaza vijana. Wengi hawakuwa na uzoefu wa kuzungumzia. Walijua kuchora, kugundisha, kuunganisha nyaya, na walikuwa tayari kulala pale pale kazini. Siku hizo hakukuwa na picha za kompyuta za kukuokoa. Chombo cha angani kilikuwa modeli unayoweza kuibeba mikononi. Mafundi wa enzi hiyo walikuwa wakinunua vifaa vya watoto vya kuunda vifaru na ndege, wanavivunja na kubandika vipande juu ya modeli ili ionekane kubwa na yenye mitambo mingi. Kisha kamera inapita polepole karibu nayo, na wewe unayetazama unaapa kwamba ile ni meli ya kilomita nzima.

Ukishaona hivyo, unaelewa kwa nini naiita muvi ya jua kali. Umewahi kusimama Gikomba ukaona fundi akigonga pipa la zamani hadi litoke jiko au sanduku la shule? Hashangai kwamba hana kiwanda. Anaangalia bati alilo nalo na kuuliza linaweza kuwa nini. Corman alikuwa hivyo hadi mwisho. Mapigano ya angani ya filamu hii aliyakata na kuyapachika tena kwenye Forbidden World ya 1982 na Space Raiders ya 1983. Hiyo ya pili ilichukua hadi muziki. Chombo kilichokwisha kulipuka kililipuka tena na tena, na kila mara tikiti ilinunuliwa upya.

Aliyeacha chuo

Miongoni mwa vijana wa yadi ya mbao alikuwapo dereva wa zamani wa lori. Alizaliwa Kanada mwaka wa 1954, familia ikahamia California, akajiunga na chuo cha Fullerton, akaacha. Alikuwa akiendesha lori ili alipe kodi. Star Wars ilipotoka aliitazama na kukasirika, kwa sababu aliona ndoto yake imetengenezwa na mtu mwingine. Akaacha lori. Hakuwa na karo ya chuo cha filamu, basi akawa anaingia maktaba ya Chuo Kikuu cha Southern California, anatoa nakala za tasnifu za wanafunzi kuhusu jinsi picha za kiufundi zinavyotengenezwa, na kujisomea nyumbani.

Jina lake ni James Cameron. Ndiyo, yule yule. The Terminator, Titanic, Avatar.

Kwa Corman aliingia kama mtengeneza modeli. Kazi ya sanaa ikakwama katikati, mkuu wake akaondolewa, na Cameron akapewa nafasi. Alikuwa na miaka kama 25. Mwaka uliofuata, kwenye muvi nyingine ya Corman inayoitwa Galaxy of Terror, alikuwa tayari anasimamia muundo wote wa seti na kuelekeza kikosi cha pili cha kamera. Kuna stori ya wakati huo inayosimuliwa sana. Kulikuwa na tukio la mkono uliokatwa uliojaa funza, lakini funza walikuwa wamelala tu, hawataki kuigiza. Cameron akapitisha waya wa stima chini yao. Alipotoa amri ya kuanza, msaidizi akawasha, na funza wote wakacheza kama wako kwenye densi. Watayarishaji wawili waliokuwa wamesimama pembeni walidhani kijana huyu anajua kuelekeza hata wadudu. Wakampa filamu ya kuelekeza.

Hakuwa peke yake. Gale Anne Hurd alianza kama msaidizi wa Corman ofisini, akapata majukumu kwenye utayarishaji wa Battle Beyond the Stars, na ndipo yeye na Cameron walipofahamiana. Miaka minne baadaye alikuwa mtayarishaji wa The Terminator. Cameron alimuuzia haki za skripti hiyo kwa dola moja, kwa sharti kwamba ni yeye Cameron atakayeielekeza.

Muziki wa filamu yetu uliandikwa na kijana mwingine wa miaka ya ishirini, James Horner. Ukiisikiliza leo, ile tarumbeta inayopanda ni kubwa kuliko picha inayoifuata; ni kama mtu aliyevaa suti ya harusi kwenda kununua maziwa. Mwaka wa 1982 Horner alipewa Star Trek II. Mwaka wa 1997 aliandika muziki wa Titanic, akapata Oscar mbili kati ya 11 zilizochukuliwa na muvi hiyo. Kwa hivyo ukiwaona Cameron na Horner wakishika tuzo zao, kumbuka kwamba wote wawili walipitia yadi moja ya mbao.

Mwandishi wa skripti, John Sayles, alikuwa na mpango wake mwenyewe. Alimwandikia Corman hadithi za samaki wala watu na za mamluki wa angani, akaweka akiba, akaitumia kutengeneza Return of the Secaucus 7, filamu yake mwenyewe, kwa takriban dola 60,000. Mwelekezi naye, Jimmy Murakami, alikuwa Mmarekani wa asili ya Japani ambaye utotoni alifungiwa na familia yake katika kambi ya Tule Lake, wakati serikali ya Marekani ilipowakamata Wajapani wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye, mwaka wa 1986, alitoa When the Wind Blows, katuni kuhusu wazee wawili na bomu la nyuklia ambayo si ya kuchekesha kamwe.

Na sasa lile swali

Hapa ndipo watu wengi wa kuhamasisha vijana mtandaoni wangekuambia: unaona? Acha chuo, fanya kazi bure, vumilia, utaomoka kama Cameron.

Tulia kwanza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Nikaingia kwenye studio moja ya mtaani kuhariri video za harusi. Nilikaa miezi minane. Malipo yalikuwa nauli na chakula cha mchana, na kila mwisho wa mwezi niliambiwa hii ni shule, wewe jifunze. Nilihariri harusi ambazo sikumbuki idadi, usiku kucha, na jina langu halikuonekana kwenye hata moja. Kamera sikuruhusiwa kushika. Siku niliyoomba kulipwa, niliambiwa kuna vijana kumi nje wanaotaka nafasi yangu. Labda walikuwapo kweli.

Nimefikiria sana tofauti kati ya studio ile na yadi ya Corman, kwa sababu ukizitazama kwa mbali zinafanana. Zote zinalipa kidogo. Zote zinakukamua. Corman hakuwa mtakatifu: masaa yalikuwa marefu, pesa zilikuwa haba, na faida ilikuwa yake. Tena kwa kila Cameron mmoja kulikuwa na wengine waliopaka rangi ukuta ule ule, wakachoka, wakaenda kutafuta kazi nyingine, na hatuwajui. Hao hawaandikiwi makala.

Lakini tofauti zipo, na ni za kuhesabika kwa vidole.

Kwanza, kwa Corman kazi iliisha na kwenda sokoni. Muvi ilitoka, watu waliiona, hata kama waliicheka. Pili, jina lako liliandikwa. Ukitazama mwisho wa Battle Beyond the Stars utaona majina ya wote niliokutajia. Tatu, ukionyesha unaweza, ulipandishwa haraka, kwa sababu hakuwa na pesa za kumleta mtu mwingine. Ubahili wake ndio uliofungua mlango. Nne, hakukuzuia kuondoka. Ron Howard amesimulia kwamba alipokuwa akielekeza filamu yake ya kwanza kwa Corman, mzee alimwahidi kwamba akiifanya vizuri hatalazimika kumfanyia kazi tena maishani. Martin Scorsese na Francis Ford Coppola pia walipita mikononi mwake wakaenda zao. Na tano, hata kama zilikuwa kidogo, zilikuwa pesa. Hakulipa kwa ahadi ya kujulikana.

Basi mtu akikuambia utajifunza, muulize hayo matano. Kazi itatoka lini? Jina langu litaandikwa wapi? Baada ya miezi mitatu nitakuwa nafanya nini tofauti na leo? Naweza kuondoka na nilichokifanya nikamwonyeshe mwingine? Na ni shilingi ngapi? Akikasirika kabla ya swali la tatu, umeshapata jibu.

Na usidhani haya ni ya Marekani pekee. Hapo Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na majirani zake walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010 kwa pesa zinazosemekana kuwa chini ya dola 200, kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe na bunduki za vyuma chakavu, na leo inatazamwa duniani kote. Hapa kwetu Wanuri Kahiu alitupa Pumzi mwaka wa 2009, dakika kama 20 tu za Afrika Mashariki iliyokauka baada ya vita vya maji, na ikafika Sundance mwaka uliofuata. Hadithi za kesho si lazima zisubiri studio ya kioo.

Itazame hivi

Sasa ukiipata Battle Beyond the Stars, usiitazame kama unavyotazama Avatar, utaiumiza bure. Ita mbogi, pika chapati, na mruhusiane kupiga kelele. Mtakutana na mambo ya kukera: vazi la Saint-Exmin limeshonwa na mtu aliyeishiwa kitambaa makusudi, na mizaha mingine imeoza tangu 1980. Chekeni. Subirini Sador anapojiunganishia mkono wa mmoja wa akina Nestor, akisahau kwamba wenzake wanne bado wanauendesha kwa mawazo. Huo mkono una shughuli.

Lakini Gelt anapoanguka, nyamazeni kidogo. Wakulima wa Akir wanamzika, na pamoja naye wanafukia sahani ya chakula kilichojaa. Mlo mmoja na mahali pa kujificha, kama walivyokubaliana. Amekufa, hawezi kudai, na hakuna mahakama ambayo ingewauliza. Hawana kitu, na bado wanamlipa chote.

Roger Corman alifariki Mei 2024 akiwa na miaka 98, akiwa ameshapewa Oscar ya heshima tangu 2009. Nell alitengenezwa katika yadi ya mbao na vijana ambao hakuna aliyewajua. Majina yao bado yako pale mwishoni. Msizime kabla hayajapita.